Fedha za jeshi na polisi: kura hupigwa lini, na mbunge akisema "siyo" inakuwaje?

Swali la msomaji:

"Shikamoo Mzee. Mimi ni mwalimu wa somo la Uraia katika sekondari moja hapa Mpwapwa. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne walisoma kwamba huko Marekani wabunge waliwahi kuvutana juu ya fedha za usalama wa ndani hadi wakaguzi wa viwanja vya ndege wakafanya kazi zaidi ya mwezi bila mshahara. Wakaniuliza: kwetu jambo hilo linawezekana? Mbunge wetu akikataa fedha za polisi au za jeshi, kura yake inahesabiwaje? Na fedha za Usalama wa Taifa, wabunge wanazipigia kura au ni siri? Nilijaribu kujibu nikaona nababaika. Ningependa pia kuwaleta Dodoma waone wenyewe. Tuje lini?"

Jibu:

Marahaba, Mwalimu. Kubabaika kwako hakunishangazi. Vitabu vya shule husema "Bunge hupitisha bajeti" kisha vinahamia mada nyingine, na ndani ya maneno hayo matatu kuna kazi ya karibu miezi minane. Nilikaa miaka mingi upande wa wanaoandaa vitabu vya makadirio, wale wanaokesha Machi wakisaka kasma, yaani mstari wa matumizi, isiyojumlika, kwa hiyo nitakueleza kama nilivyoiona kazi yenyewe. Wanafunzi wako wameuliza maswali mazuri kuliko watu wazima wengi ninaokutana nao hapa mjini.

Nianze na Marekani, kwa kifupi, ili tuwe na kitu cha kulinganisha. Tukio walilosoma nadhani ni la kuanzia tarehe 22 Desemba 2018 hadi 25 Januari 2019, siku 35. Rais Trump alitaka dola bilioni 5.7 za ukuta wa mpakani na Mexico, na wapinzani wake katika Bunge wakakataa. Fedha za Wizara ya Usalama wa Ndani zilikuwa ndani ya ugomvi huo, na sheria yao inakataza serikali kutumia fedha ambayo Bunge halijaidhinisha. Mtumishi ambaye kazi yake inahusu usalama wa maisha ya watu analazimika kufika kazini, lakini mshahara wake unasubiri. Jambo moja litawasaidia vijana wako kuelewa: wanajeshi wengine walilipwa kama kawaida kwa sababu sheria ya fedha za ulinzi ilikuwa imeshapitishwa, ila askari wa ulinzi wa pwani, kwa kuwa wao wako chini ya Usalama wa Ndani, walikosa mshahara wa katikati ya Januari. Askari wa nchi moja, mwezi mmoja, huyu kalipwa na huyu hakulipwa, kwa sababu walikuwa kwenye sheria mbili tofauti za matumizi. Kule bajeti hugawanywa katika miswada 12, na katika Seneti yenye watu 100 muswada wa namna hiyo kwa kawaida unahitaji 60 wa kuufikisha kwenye kura. Kundi dogo linaweza kushika koo la wizara moja.

Kwetu haiwezekani kwa njia hiyo, na sababu ya kwanza ni ya kikatiba. Ibara ya 139 inaliruhusu Bunge kuweka sheria ili, mwaka wa fedha ukianza tarehe 1 Julai na sheria ya matumizi bado haijaanza kufanya kazi, Rais aweze kuidhinisha fedha zitoke Mfuko Mkuu wa Hazina kuendesha shughuli za Serikali kwa muda usiozidi miezi minne. Polisi wa kituo chenu cha Mpwapwa angepata mshahara wa Julai hata kama wabunge wangekuwa bado wanabishana. Sababu ya pili ni nzito zaidi nami nitaifikia, kwa kuwa inahusu Bunge lenyewe na uhai wake.

Sasa tuingie ndani. Fedha za vyombo vya ulinzi na usalama haziko kwenye kapu moja. Zimegawanywa katika mafungu, na kila fungu lina namba yake na Afisa Masuuli wake anayelijibia. Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa ni Fungu 57. Ngome, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lenyewe, ni Fungu 38. JKT ni Fungu 39. Upande wa Mambo ya Ndani kuna Fungu 51 la wizara, 28 la Jeshi la Polisi, 29 la Magereza, 14 la Zimamoto na Uokoaji, na 93 la Uhamiaji. Waandikie wanafunzi namba hizi ubaoni. Mtu akishazijua anaweza kufungua vitabu vya makadirio na kusoma mwenyewe, bila kusubiri kuambiwa na yeyote. Matumizi ya kawaida ya wizara, yaani mishahara na yale matumizi mengineyo tunayoyaita OC, yamo Kitabu cha Pili. Miradi ya maendeleo imo Kitabu cha Nne. Ujenzi mkubwa, kama wa makao makuu ya ulinzi kule Kikombo, ambako jiwe la msingi liliwekwa Novemba 2019, ni jambo la upande wa maendeleo. Mafuta ya gari la doria ni OC. Tofauti hii ni muhimu sana, maana fedha zikipungua katikati ya mwaka, mshahara hauguswi. OC na maendeleo ndivyo vinavyokatwa.

Kwa ukubwa, Wizara ya Ulinzi peke yake iliombewa zaidi ya shilingi trilioni 3 kwa mwaka 2024/25, katika bajeti ya Serikali ya shilingi trilioni 49.35. Si siri. Waziri huzitaja mwenyewe kwa sauti, hadi shilingi ya mwisho, mbele ya kamera.

Kabla hazijatajwa ukumbini, fedha hizo zimepita mikono mingi. Novemba Bunge hupokea mapendekezo ya mpango wa maendeleo, na Hazina hutoa mwongozo wenye ukomo, yaani kiwango cha juu cha fedha, wa kila fungu. Neno hilo ukomo ndilo linalotawala kila kitu kinachofuata. Jeshi la Polisi linaweza kuwa na mahitaji halisi mara mbili ya ukomo wake, lakini kitakachofika bungeni ni kile kilichoenea ndani ya ukomo. Machi wabunge wa kamati wanafika Dodoma mapema kuliko wenzao. Ulinzi na Mambo ya Ndani hupitia Kamati ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama, ambayo wengi huiita NUU. Huko ndiko mambo yasiyoweza kusemwa mbele ya kamera huulizwa, na huko ndiko mbunge mwenye kujiandaa huweza kumbana Katibu Mkuu kwa saa nzima, si kwa dakika 10 za ukumbini ambazo mara nyingine hupunguzwa zikawa 5.

Mimi ningewashauri wanafunzi wako waruke hotuba ya Waziri kwanza, wasome Maoni ya Kamati. Hotuba hupambwa. Maoni ya Kamati hueleza fedha zilizopitishwa mwaka jana na kiasi kilichotolewa kweli na Hazina hadi Februari au Machi, fungu kwa fungu. Hapo utaona fungu moja limepata karibu fedha zote za mishahara na sehemu ndogo tu ya maendeleo. Kamati huandika kwa adabu, "Kamati inashauri Serikali", lakini mwaka wa tatu ukiona ushauri uleule umerudiwa kwa maneno yaleyale, umeshapata somo zima la kufundisha.

Jambo moja watu wengi hawalijui, na hata baadhi ya wabunge wapya hulijua wakishaapa: mbunge hawezi kuongeza fedha. Ibara ya 99 inasema Bunge halitashughulikia hoja ya kuongeza matumizi kutoka Mfuko Mkuu isipokuwa Rais amependekeza kupitia Waziri. Kupunguza anaweza kupendekeza. Kwa hiyo mbunge anayesimama akasema "naomba polisi wa jimbo langu waongezewe magari matano" hana kura ya kuyaongeza magari hayo. Analo shinikizo tu, na shinikizo lina chombo chake mahsusi. Chombo hicho ni shilingi.

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu huu ndio moyo wa jibu langu.

Waziri akishahitimisha hoja yake ya makadirio ya wizara ukumbini, jioni ya siku ya mwisho, Bunge hubadilika na kuwa Kamati ya Matumizi. Spika, au anayekaimu, anaacha kuwa Spika kwa muda na kuwa Mwenyekiti. Utasikia wabunge wanabadilisha neno, "Mheshimiwa Mwenyekiti" badala ya "Mheshimiwa Spika". Katibu mezani anaanza kusoma: fungu namba fulani, kifungu namba fulani, kiasi fulani. Kifungu cha kwanza cha wizara huwa ni 1001, Utawala na Rasilimali Watu, na humo ndimo ulimo mshahara wa Waziri. Wabunge wenye hoja za sera husubiri hapo. Mbunge anasimama, anasema anataka maelezo, kwa mfano kwa nini askari wanaishi kwenye nyumba zilizochakaa, au kwa nini fidia ya wananchi waliopisha eneo la jeshi haijalipwa, na anaongeza kwamba asiporidhika na majibu atashika shilingi. Maana yake atatoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara wa Waziri.

Shilingi moja haimpunguzii Waziri hata sukari ya chai. Lakini hoja hiyo ikitolewa na wenzake wakasimama kuiunga mkono, mjadala unafunguka, Waziri lazima ajibu tena, Mwanasheria Mkuu anaweza kuingia, Waziri Mkuu pia, na yote yanaandikwa kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge. Wataalamu wa wizara, nami niliwahi kuwa mmoja wao, huketi pembeni wakiandika majibu kwenye vikaratasi na kumpelekea Waziri kupitia wahudumu. Nimeona mkono wa ofisa mzoefu ukitetemeka akiandika karatasi hizo. Mara nyingi mbunge huishia kusema "narudisha shilingi" baada ya Waziri kutoa ahadi. Ahadi hiyo ndiyo mbunge aliyoifuata. Imetolewa hadharani, ina tarehe, na mwaka unaofuata inaweza kusomwa neno kwa neno mbele ya aliyeitoa.

Kwa mambo ya jeshi, kumbuka kwamba mshahara wa Waziri uko Fungu 57. Mbunge anayetaka kuhoji mgogoro wa ardhi kati ya kambi na wanakijiji asingoje Fungu 38 lifikiwe, atakuwa amechelewa. Na muda ni adui. Dakika zilizopangwa zikiisha kabla mafungu hayajaisha, kinakuja kile wabunge wanachokiita gilotini: mafungu yote yaliyobaki yanapitishwa kwa mkupuo, bila maswali. Nimeona fungu la mabilioni mengi likipita ndani ya muda wa kukohoa.

Kura yenyewe katika hatua hii ni ya sauti. Mwenyekiti anawahoji, wanaoafiki wanasema "ndiyo", wasioafiki wanasema "siyo", naye anaamua upande upi umeshinda. Hakuna jina linaloandikwa. Ndiyo maana kwenye Hansadi utakuta mabano tu: kifungu kilichotajwa hapo juu kilipitishwa na Kamati ya Matumizi bila mabadiliko yoyote. Mwalimu, hili ndilo jibu la swali lako la pili. Mbunge wenu akisema "siyo" kwa fedha za polisi siku ya Mambo ya Ndani, sauti yake huzama ndani ya sauti za wengine, na kesho yake huna karatasi ya kumwonyesha mpiga kura kwamba alisema hivyo. Isipokuwa kama alichangia kwa mdomo au alishika shilingi, basi hapo jina lake lipo.

Kura inayoandikwa jina kwa jina huja Juni, na hiyo si ya polisi wala jeshi peke yake. Waziri wa Fedha husoma bajeti kuu katikati ya mwezi huo, inajadiliwa kwa siku kadhaa, kisha Katibu anaita wabunge mmoja mmoja, karibu 400, na kila mmoja anajibu. Ndiyo, hapana, au hana upande. Mawaziri nao ni wabunge, wanapiga. Katika kura hiyo, elimu, maji, barabara, polisi, jeshi na Usalama wa Taifa vyote vimo kwenye jibu moja. Huwezi kusema ndiyo kwa zahanati na hapana kwa bunduki. Baada ya hapo unakuja Muswada wa Sheria ya Matumizi, ambao ndio hasa unaotoa ruhusa ya kisheria fedha zitoke, na kwa kuwa makadirio yameshakubaliwa, hupita bila ubishi wa maana.

Na sasa ile sababu ya pili niliyokuahidi. Ibara ya 90 inataja mazingira ambayo Rais anaweza kulivunja Bunge, na mojawapo ni Bunge kukataa kupitisha bajeti ya Serikali. Mbunge anayesema hapana anajua kwamba wakisema hapana wengi, wote wanaweza kurudi majimboni kuomba kura upya, na Waziri na Waziri Mkuu wakiwamo. Ongeza ibara ya 71, inayosema mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini anapoteza kiti. Mbunge wa chama tawala anayepanga kupinga bajeti anapima mambo mawili kwa wakati mmoja, uhai wa Bunge na kadi yake ya chama. Mwaka 1973 wabunge waliukataa muswada wa kodi ya mapato. Mwalimu Nyerere akawakumbusha uwezo wake wa kulivunja Bunge, muswada ukarudi, ukapita. Wazee wa Bunge wamekuwa wakisimuliana kisa hicho tangu wakati huo, na kimewafunza vizazi vya wabunge wapi pa kusukumia.

Wanasukumia kabla ya kura. Mfano bora ninaoujua si wa usalama, lakini utaratibu ni uleule. Julai 2011, nchi ikiwa gizani kwa mgawo wa umeme, wabunge wa pande zote waliichachamalia bajeti ya Nishati na Madini kiasi kwamba Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliomba hoja iondolewe ili Serikali ikajipange. Ikarudi Agosti. Mwaka 2013 bajeti ya Maji nayo ilisimamishwa, Kamati ya Bajeti, iliyokuwa mpya kabisa, ikakaa na Serikali, na wizara ikaongezewa zaidi ya shilingi bilioni 180. Bajeti hizo hazikuangushwa kwa kura ya "siyo" siku ya mwisho. Hakukuwa na haja, kwa kuwa Serikali ilishahesabu vichwa na kuona bora irudi nyuma yenyewe.

Utauliza mbona haijatokea hivyo kwa Ulinzi. Kwa maoni yangu ni kwa sababu mbunge anaogopa kuonekana anapunguza nguvu za jeshi, na wananchi nao wana imani na jeshi lao. JWTZ lilianzishwa Septemba 1964 baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari mwaka huohuo, na tangu hapo limejengewa heshima ambayo hakuna mwanasiasa anayetaka kuigusa. Heshima hiyo inastahili. Lakini kumheshimu askari ni pamoja na kuuliza kama posho yake imemfikia, kama kambi yake ina maji, na kama nyumba iliyopitishwa kwenye Kitabu cha Nne imejengwa. Nasikitika ninaposikia mchango wa dakika 10 uliojaa pongezi kwa amiri jeshi na majenerali, na kengele inalia kabla mchangiaji hajataja namba hata moja.

Kuhusu Idara ya Usalama wa Taifa, jibu ni kwamba wabunge wanazipigia kura fedha zake, ila wanaona kidogo. Idara iko Ofisi ya Rais, na fedha zake hupitia Fungu 30, la Ofisi ya Rais na Sekretarieti ya Baraza la Mawaziri, fungu ambalo limebeba pia taasisi nyingine. Hotuba yake husomwa na Waziri wa Ofisi ya Rais anayehusika na utumishi wa umma na utawala bora, si Waziri wa Ulinzi wala wa Mambo ya Ndani. Wengi huketi siku ya Mambo ya Ndani wakisubiri kusikia habari za Idara na wanakosa. Sheria iliyoiunda rasmi ni ya mwaka 1996, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyoiweka moja kwa moja chini ya Rais.

Siri ina kipimo chake. Mpango wa operesheni, jina la ofisa, kifaa kilichonunuliwa na kinapokaa, hivyo vikisemwa ukumbini kesho adui anavyo. Kiasi cha jumla na kama hesabu zimefungwa vizuri si siri ya kumnufaisha adui. Uingereza hutangaza kiasi kimoja cha jumla kwa mashirika yake matatu ya ujasusi, na tangu sheria ya mwaka 1994 ina kamati maalumu ya wabunge inayoruhusiwa kuona yaliyo nyuma ya namba hiyo. Marekani nayo imekuwa ikitangaza jumla ya fedha za ujasusi tangu 2007. Hakuna nchi kati ya hizo iliyodhoofika kwa kufanya hivyo. Ningependa sisi pia tuwe na wabunge wachache, walioapishwa kutunza siri, wenye jukumu la kisheria la kupitia hesabu za Idara kila mwaka na kuliambia Bunge jambo moja tu: tumeona, zimetumika kwa kazi iliyokusudiwa, au hazikutumika hivyo. Nimelisema hili ofisini nilipokuwa mtumishi na ninalisema sasa nikiwa mstaafu.

Baada ya kura kuna nusu ya pili ya kazi, na huko ndiko fedha za usalama zimewahi kuleta aibu. Mwaka 2016 Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC, ilipitia taarifa ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikakuta mkataba wa takriban shilingi bilioni 37 wa mashine za kuchukua alama za vidole kwa vituo vya polisi 108. Fedha karibu zote zilikuwa zimelipwa, mashine zilikuwa zinafanya kazi kwenye vituo 14. Fedha hizo zilipita bungeni, zikapigiwa "ndiyo" kama nyingine, na hakuna sauti ya ndiyo au siyo ambayo ingeweza kuliona hilo mapema. Aliyeliona ni mkaguzi. Kisha Januari 2020, Rais Magufuli alimwondoa Waziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya makubaliano ya vifaa vya Zimamoto ya zaidi ya euro milioni 400, zaidi ya shilingi trilioni moja, yaliyotiwa saini bila kupitishwa na Bunge. Wafundishe wanafunzi kisa hicho. Kinaonyesha kwamba kura ya Bunge, hata inapoonekana ya kawaida, ndiyo mpaka kati ya fedha halali na isiyo halali. Ofisa anayesaini bila kura hiyo hana pa kusimama.

CAG hukabidhi taarifa yake kwa Rais kufikia mwisho wa Machi, na Aprili inawekwa mezani Bungeni. Ni wakati uleule ambao Bunge la bajeti linaanza. Mbunge makini husoma taarifa ya ukaguzi ya mwaka uliopita akiwa na makadirio ya mwaka ujao mkononi, kitabu na kitabu, fungu lilelile. Wanaofanya hivyo ni wachache. Kama mbunge wenu hayumo, muulizeni kwa nini. Mwandikieni barua mwezi Machi, si Juni, na mtaje fungu na kifungu. Barua isemayo "tunaomba mtutetee" inasahaulika mapokezi, ila barua isemayo "mwaka jana Fungu 28 liliahidiwa nyumba za askari wilayani kwetu, zimefikia wapi" anaipeleka kwenye kamati, kwa kuwa imeshamfanyia nusu ya kazi yake.

Kuhusu safari yenu: andikeni kwa Ofisi ya Bunge au kupitia kwa mbunge wenu, mkitaja idadi ya wanafunzi na walimu, wiki kadhaa kabla. Kikao huanza saa tatu asubuhi kwa maswali na majibu, na wageni wa siku hiyo hutambulishwa, jambo ambalo vijana hulifurahia sana wanapoambiwa wasimame. Shule nyingi hukaa hapo saa mbili, zinapiga picha nje ya lango, zinaondoka. Ninyi msifanye hivyo. Angalieni ratiba ya Mei, mchague siku ambayo Waziri wa Mambo ya Ndani au wa Ulinzi anahitimisha hoja, na mrudi ukumbini jioni, Kamati ya Matumizi inapokaa. Kila mwanafunzi awe na namba za mafungu kwenye daftari, afuatilie Katibu anaposoma, aandike mbunge gani ameshika shilingi, kwa hoja ipi, na ameirudisha kwa ahadi gani. Simu hazitaruhusiwa ndani, kwa hiyo wabebe kalamu. Kikao kinaweza kufika usiku na gari la kurudi Mpwapwa hamtalipata, basi tafuteni mapema shule ya bweni hapa mjini iwape pa kulala. Mkikosa, niandikie tena, nitawaulizia kwa walimu ninaowafahamu huku Kisasa na Nkuhungu.